Upande Uliogeukia Ukuta

Nyumba niliyozaliwa, hapa Kalamba, ilikuwa ya udongo, na kuta zake kwa ndani zilibandikwa karatasi kutoka juu hadi chini. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo siku zile. Magazeti, kalenda zilizopitwa na mwaka, mifuko ya sukari iliyopasuliwa, kila kilichokuwa na maandishi au rangi kilipakwa uji mzito wa unga kikashikizwa ukutani, ili udongo usitumwagikie kitandani na nyumba ionekane imevaa. Nilijua kusoma kabla ya kwenda shule, na ukuta ndio ulionifundisha.

Karatasi zetu zilikuwa nzuri kuliko za majirani kwa sababu baba alifagia stesheni ya reli kule Emali. Treni ya Mombasa ilisimama pale kujaza maji, na wasafiri waliacha vitu kwenye mabehewa na kando ya reli. Mwisho wa mwezi baba alikuja na fungu lililofungwa kwa kamba ya katani. Humo ndimo tulimokuta komiki, vile vitabu vyembamba vya picha za rangi, vya mashujaa wanaoruka juu ya majumba marefu na maadui wanaowasumbua. Watoto wa wageni walizisoma kutoka baharini, na kufika Emali walikuwa wamezimaliza. Sisi ndipo tulipoanzia.

Tulibaki hai watoto wawili tu, dada yangu na mimi. Yeye alikuwa msichana mkubwa nilipokuwa bado natembea bila viatu wala haya. Alikuwa amesoma kidogo katika shule ya misheni, akajua Kiingereza cha kumtosha kusoma alama za barabarani na maneno yaliyoandikwa kwenye mapovu ya komiki.

Ikafika siku ya ntheo yake. Kwetu Wakamba, ukoo wa mwanamume huleta mbuzi nyumbani kwa msichana, na mbuzi hao wakishapokewa, msichana ameshakuwa mke wa watu hata kama bado analala kwa mama yake. Wazee walikuwa wanakuja kutoka Ikutha, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Mama akatazama kuta, akaona jinsi moshi ulivyozifanya nyeusi, akasema, "Hawa watu watafikiri wanaoa kwenye jiko."

Bahati baba alikuwa amerudi na fungu. Mama akapika uji wa gundi kwenye sufuria, mimi nikawa mshika sufuria, dada akawa mbandikaji. Kulikuwa na komiki moja iliyotuvutia sote kwa wekundu wake. Dada aliichana karatasi moja moja, akazipanga ukutani juu ya kitanda changu, kwa mfuatano wake. Lakini karatasi ina pande mbili. Kila ukurasa uliotutazama ulikuwa na mwenzake uliotazama udongo.

Mbuzi walipoletwa, mvua ya rasharasha ilianza, wakaingizwa ndani kabla ya maombi kumalizika. Gundi ilikuwa ya unga na bado ilikuwa mbichi. Wazee wakiwa wanatoa salamu za ukoo, mbuzi mmoja alianza kulamba ukuta, kisha akauma. Alimla shujaa mguu mmoja na kipande cha joho lake la buluu.

"Mbuzi wenu amekwisha kula," mama akawaambia wageni. "Sasa hamwezi kusema hatukuwakaribisha."

Mzee mmoja wa Ikutha akajibu, "Huyo mbuzi anajua nyumba yenye chakula, mama. Amekula mpaka ukuta!"

Basi walicheka, na ndoa ikawa imeanza vizuri.

Ilipita miezi kadhaa kabla dada hajaondoka, na miezi hiyo ndiyo ninayoitolea shukrani mpaka leo. Adhuhuri jua likiwa kali, tulikuwa tukijilaza kwenye sakafu ya udongo iliyonyunyizwa maji, naye akinisomea ukuta. Adui wa komiki ile alikuwa mtu mrefu mwenye kofia, na kiunoni alivaa mkanda wa chupa. Alikuwa akiiba sauti za watu. Mtu alifungua mdomo kumwita mtoto wake, na hakuna kilichotoka, kwa sababu sauti imekwisha kufungiwa kwenye chupa kwa kizibo. Tulimwita Mwenye Chupa. Ukurasa mmoja ulimwonyesha kijana mpole amesimama chini ya mvua, nje ya dirisha. Ukurasa uliofuata, ule ulioonekana, alikuwa tayari na kofia, mkanda na macho mabaya. Katikati ya hizo mbili, mtu mwema alikuwa amegeuka adui, na ugeukaji huo ulikuwa upande wa udongo.

Dada alipofika hapo alikuwa akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

"Sasa tuingie upande wa pili," alisema. "Funga macho."

Nami nilifunga, na yeye akanisimulia. Yule kijana, alisema, alikuwa mwimbaji katika kanisa kubwa la mawe. Alishikwa na kifua, sauti ikamtoka. Jumapili ya kwanza watu walisema, masikini, atapona. Jumapili iliyofuata wakamweka mwingine mahali pake, na huyo naye akaimba vizuri. Kijana akakaa nyumbani kwake akitazama mlango. Alisikia hatua za watu njiani, na hatua zote zilipita. Hakuna aliyekwenda kumwona. Ndipo akasema moyoni: kama hawana haja na mimi, nitazichukua sauti zao nizipange kwenye rafu, angalau nyumba yangu isiwe kimya.

"Na sasa fungua macho," alisema. "Huyu hapa, amekuwa hivi."

Nilimwomba anisimulie tena na tena, na hakuna siku aliyopunguza neno.

Kisha akaenda. Wanawake walimsindikiza mpaka njia panda wakiimba, na mimi nikakatazwa kupita hapo. Nyumba ilikuwa ileile, sakafu ileile, na ukuta ulinitazama, lakini hapakuwa na mtu wa kugonga. Siku moja nililowesha ile karatasi kwa maji ya kibuyu, nikaanza kuibandua kwa ukucha nione upande wa pili mwenyewe. Ilitoka na udongo. Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa tope jekundu lenye herufi chache zilizosomeka kinyumenyume. Nikaacha. Mama alilitazama lile shimo ukutani, akanitazama mimi, na hakunipiga, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Nilipopata miguu ya kuvuka Athi wakati wa kiangazi, maji yakiwa ya magoti, nilianza kwenda Ikutha. Kila kiangazi nilikwenda, kwanza na mjomba, baadaye peke yangu, baadaye na mke wangu, na tangu tumzike, peke yangu tena. Dada alikuwa akiniona kwa mbali, anaacha mbuzi wake, anapiga kelele, "Yule ni wa kwetu! Yule ni wa mama!" mpaka majirani wanatoka kutazama. Sijui kama kuna mtu mwingine hapa duniani aliyepata kunifurahia namna hiyo.

Bwana alinijalia kusoma mambo ya imani miaka kadhaa, nikafundisha madarasa ya ubatizo, nikawa mzee wa kanisa. Katika kanisa letu najulikana kwa jambo moja. Mtu akikosekana ibadani Jumapili mbili, mimi nipo mlangoni kwake. Siendi kumkemea. Nakaa, nakunywa chai, nauliza habari za kifua chake na ng'ombe wake. Wachungaji watatu wamepita hapa, na wote wamenisifu wakidhani nilifundishwa darasani. Nilifundishwa nikiwa chali sakafuni, macho yamefungwa.

Ile nyumba ilianguka kwenye masika, wazazi wakiwa wametangulia. Nilifika nikakuta ukuta umelala kifudifudi, karatasi zote zimerudi kuwa udongo.

Kukusanya komiki nilianza nikiwa tayari nina mvi. Nilikuwa Kitui mjini kwa mkutano wa kanisa, nikaingia kwenye duka la leso kununua zawadi ya mke wangu. Mwenye duka ni Mwislamu wa umri wangu, ambaye babu yake alitoka pwani na bidhaa akakaa. Nyuma yake, ndani ya kabati la kioo, sikuona leso. Niliona komiki za zamani, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki.

"Hizo unauza?" nikamuuliza.

"Hizo haziuzwi, Bwana Mzee. Hizo zinaoneshwa watu ili waumie."

Tukawa marafiki. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba duniani kuna watu wengi wanaotafuta vitabu hivi, na kwamba kinachotafutwa zaidi si toleo lolote, bali lile ambalo adui mashuhuri anaingia kwa mara ya kwanza. "Shujaa ni yuleyule kila mwezi," alisema, "anaruka, anapiga, anarudi nyumbani. Adui akiingia, ndipo hadithi inapata kazi." Yeye alikuwa na toleo la yule mwanamke mwenye nywele za nyaya, na la wale mapacha wanaogandisha mito. Alipata vitu kutoka kwa madalali wa Mombasa, kutoka nyumba zinazofungwa baada ya misiba, kutoka kwa mabaharia wastaafu. Nilimsimulia habari za Mwenye Chupa. Alimjua.

"Huyo! Toleo lake la kwanza sijalishika kwa mkono wangu, kaka. Likipatikana, watu wataliomba kwa machozi."

Nikaanza kutafuta nami. Nilipekua marundo ya vitabu vya mitumba Emali na mjini Wote, kwenye turubai chini, kati ya vitabu vya hesabu na majarida ya mitindo. Mara chache nilipata kitu. Nilipata hata toleo la kwanza la adui aitwaye mzee wa majivu, ambalo wengi hawakujua kwamba lipo, na rafiki yangu alikaa wiki nzima bila kunipigia simu kwa wivu. Kila nilipofungua kifurushi nilitazama kwanza kama kuna wekundu ule.

Akina mama wa kanisa walikuja nyumbani kwangu kwa maombi, wakaiona picha moja mezani, mtu mwenye pembe. Kisha mmoja, ambaye haogopi mtu, akasema, "Mzee, wewe unatuombea tuepushwe na huyu, kumbe umempangisha chumba?"

Nikawaambia kwamba Maandiko nayo hayafichi mahali adui alipoingilia. Yanatuonyesha saa na mlango. Mtu asiyejua uovu uliingilia wapi, atajengaje ua? Walitikisa vichwa, lakini yule mama alifunika picha kwa kitambaa kabla ya kufumba macho.

Hayo niliyowaambia yalikuwa kweli, ila hayakuwa sababu yangu.

Mwaka huu, kabla ya mvua, mtoto wa dada alinipigia. Mama yake alikuwa ametolewa hospitali, na madaktari walisema akae nyumbani na watu wake. Moyo ulikuwa umechoka. Macho yalikuwa yameingiwa na ukungu siku nyingi, akawa anaona rangi tu na mwanga wa mlango. Niliweka simu chini, na nilichotaka kilikuwa kimoja. Nilitaka nimpelekee ile komiki nzima, pande zote mbili, nimshikishe mkononi, agonge tena na kuniingiza upande wa pili, mara moja tu, kabla hajafungiwa mlango ambao mimi sina ufunguo wake. Niliomba hivyo. Najua wapo watakaoona ni ombi dogo sana kumpelekea Mungu. Mimi nimezeeka, sina maombi makubwa yaliyobaki.

Siku chache baadaye simu ililia nikiwa shambani navuna mbaazi.

"Mchungaji!" Rafiki yangu wa duka la leso huniita hivyo kunichokoza, anajua mimi si mchungaji. "Chupa zimefika."

Nikakaa chini kati ya mistari ya mbaazi.

Ilikuwa imetoka Mombasa, katika sanduku la karani wa reli wa zamani. Rafiki yangu hakutaka pesa yangu. Alitaka mzee wa majivu. Nilimpelekea, na dumu la asali ya kwetu juu yake, na alipoipokea aliona haya kidogo.

"Una hakika, kaka? Huyu wako ni adimu sawasawa na huyu wangu."

"Nina hakika."

"Basi usiifungue fungue. Isione jua, isiguswe na mkono wa jasho. Ukifika nyumbani weka juu, mbali na panya. Wallahi, hiki ni kitu cha kurithiwa."

Siku hizi Athi ina daraja, na lami imefika Ikutha. Nilimkuta dada ameketi juu ya kitanda, amefungwa leso kichwani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alinijua kwa kikohozi.

"Wa mama," akasema. Hakuwa na pumzi ya kupiga kelele.

Nilipomweleza nilicholeta, alinyoosha mikono. Nikaitoa kwenye plastiki. Aliinusa. Alipapasa kurasa mpaka nikamwambia tumefika, huyu hapa kijana chini ya mvua, nje ya dirisha.

"Sasa, dada, gonga."

Hakugonga. Akasema, "Kwanza wewe nisomee. Nataka nijue kulikuwa na nini huko."

Sikumwelewa. "Si unajua? Wewe ndiye uliyenisimulia."

"Mimi?" Akacheka, kicheko chembamba. "Mama alikuwa ananipigia kelele gundi inakauka na wageni wako mlangoni. Nilichagua upande wenye wekundu mwingi nikabandika. Ule mwingine sikuuona hata kwa jicho moja."

Nikageuza ukurasa. Miaka yote ile nilikuwa nautafuta, na sasa niliusoma kwa sauti, nikigeuza maneno kuwa ya kwetu kama alivyokuwa akifanya yeye. Kijana alikuwa msaidizi wa mtaalamu wa madawa. Alitaka utajiri. Aliingia kwa dirisha akaiba dawa, chupa ikampasukia usoni, akaamka akiwa na uwezo wa kuvuta sauti. Basi. Picha sita, na tano kati yake ni za moshi.

"Hiyo ndiyo sababu?" dada akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Chupa ilimpasukia?"

"Usoni."

"Huyo aliyeandika hakumjua huyo mtu hata kidogo," akasema.

Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kukoma. Nikamuuliza, basi ile habari ya mwimbaji aliitoa wapi.

Nje mkaza mwanawe alikuwa akitwanga, na kila mchi uliposhuka kitanda kilitikisika kidogo.

"Nilikuwa nimeshapokewa mbuzi," akasema. "Naambiwa ninakwenda Ikutha, na Ikutha sijaiona. Mto huu ukijaa hakuna mtu anayevuka. Nikajiuliza, nani atakuja? Baba ana stesheni yake. Mama hana miguu ya safari ndefu. Nikakutazama wewe umelala pale sakafuni, una makamasi. Nikasema, huyu nimtie neno sasa, lisimtoke."

Nilimvutia shuka mabegani.

"Na lilikaa," akasema. "Ulikuja kila kiangazi. Wenzangu walioolewa mbali walikuwa wananionea wivu."

Baada ya kupumzika alipapasa ukuta ulio karibu na kitanda chake. Ni ukuta wa matofali uliopigwa lipu, laini, mweupe. "Nibandikie," akasema. "Ile karatasi. Upande wenye wekundu uje kwangu. Huo mwingine, wa moshi, utazame huko unakostahili."

Nilijua ninachoombwa. Komiki ikitolewa karatasi moja haina thamani tena kwa mkusanyaji yeyote, na ikipakwa unga imekwisha. Nilikwenda jikoni nikamwomba mkaza mwana sufuria na unga. Nikiwa nakoroga, simu ikalia mfukoni.

"Umefika salama, Mchungaji? Umeiweka vizuri? Isione jua, nakukumbusha."

"Haitaona jua," nikamwambia, na sikudanganya.

Nilifungua pini za mgongo wa komiki kwa ncha ya kisu, nikaitoa karatasi bila kuichana. Nikapaka uji upande wa moshi. Mkaza mwana alishika sufuria. Niliibandika kwenye usawa wa uso wa dada, nikailainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, kama alivyonifundisha, ili mapovu yatoke. Alisogeza uso karibu mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Nauona wekundu," akasema. "Fungeni mlango, mbuzi wasiingie."

Kisha akagonga. Mara tatu, kwa kifundo kilekile, sasa kimevimba. Nikafumba macho nisubiri, lakini pumzi haikumtosha. Alisema "Alikuwa mwimbaji," akaishia hapo, akanigusa goti. Nikaendelea mimi. Nikasimulia kanisa la mawe, kifua, Jumapili ya kwanza na iliyofuata, hatua zinazopita njiani. Aliitikia kila neno kwa kuguna, akihakikisha sipunguzi. Nilipofika pale pa hakuna aliyekwenda kumwona, alinishika mkono.

"Hapo badilisha."

"Nibadilishe vipi, dada?"

"Sema kuna mmoja alibisha hodi."

Nikasema hivyo. Nikasema kuna mmoja alibisha hodi, akaingia, akakaa, akanywa chai, akauliza habari za kifua. Alisikiliza mpaka mwisho, kiganja chake kikiwa juu ya karatasi iliyokuwa bado mbichi.